Gari la Viti Viwili Lapata Jina

Jumapili

Na bado shafti inanguruma kidogo nikiingiza gia ya tatu. Inaniudhi, lakini leo acha tu.

Nilipoweka injini ya pikapu kwenye gari kuukuu la baba, lile la viti viwili, ilibidi niikate shafti inayozungusha magurudumu na kuichomelea upya ili itoshee. Baba akacheka: "Hiyo haiwezi kupandanga mlima wa Malinya." Leo alikaa kando yangu, tukapanda hadi uwanja wa mafahali bila kushusha gia.

Baba hufuga mafahali wa kupigana, na hampi fahali jina kabla hajashinda. Kule juu alishuka, akalipiga boneti makofi mawili, akawaambia wenzake, "Huyu sasa ni Khasandi."

Ni jina langu. Nikafungua boneti haraka, nikajifanya naangalia oili.