Mtoto Aliyejifunza Kunyamaza

Alhamisi, tarehe 8 Mei 2003

Tumejifungia kwenye depo, stoo ya nyuma ya duka letu la mtaa wa Shari. Watu tisa! Depo ambayo mume wangu Kule analalamika kila siku kwamba haitoshi hata katoni za sabuni. Yeye yuko Butembo, alikwenda kuleta mali kabla wanajeshi wa Uganda hawajaondoka. Sijui kama ana habari zetu. Barabara imefungwa, na ni risasi tangu juzi.

Nimepata kaye, daftari la shule, ndani ya katoni. Naandika ili nisisikilize risasi.

Niko na Plamedi wangu, binti wa mwaka mmoja na miezi miwili. Kuna mama Alphonsine, jirani, na wajukuu wake wawili wa kike. Kuna Abdoul, mnunuzi wa dhahabu kutoka Mongbwalu, alikuwa anajipitia tu barabarani vita vilipomkuta. Wengine ni wapangaji wetu.

Plamedi ana homa tangu asubuhi. Analia. Na akilia yeye, Shari nzima inasikia — sauti hiyo kairithi kwa baba yake! Saa sita wenye bunduki wamepita mlangoni. Nimemziba mdomo kwa mkono wa kushoto, akaning'ata kwa vijino vyake. Wamepita. Abdoul alikuwa amelowa jasho. Amenong'ona: “Mama, ule mutoto atatuuza. Siye wote tutakufa juu ya mutoto moja?”

Jana nyumba ya pili kutoka hapa ilivunjwa kwa sababu walisikia mtu anakohoa.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Homa bado. Nimesaga nusu ya kidonge cha kinini, nikampa na maji ya sukari. Ametapika. Nimempa tena. Ametapika tena.

Kila akifungua mdomo, namziba. Mara ngapi leo? Naona haya kuhesabu. Mama Alphonsine ananifundisha: kunja kitenge, usitumie mkono mtupu, na umwachie pua apumue. Aliwafundisha hivyo wajukuu wake kule Bule, walipokuwa wanajificha kwenye mashamba ya mihogo. Hao watoto hawalii kabisa! Leo katoni imemwangukia mkubwa mguuni. Akafungua mdomo wazi, machozi yakamtoka, sauti hakuna. Ngozi ilinisisimka. Kisha nikamwonea mama Alphonsine wivu. Mungu anisamehe.

Jumamosi, tarehe 10 Mei

Plamedi amejifunza! Asubuhi alifungua mdomo alie, akautazama mkono wangu, akaufunga mwenyewe. Tangu hapo kimya. Analala tu.

Wote wanampongeza. Mama Alphonsine anasema: “Iko na akili sasa. Homa imemwacha, angalia vile iko nalala.” Hata Abdoul! Katoa biskuti mfukoni, kamwekea kiganjani: “Ya kwake, juu ametuponyesha.” Biskuti imebaki pale pale. Vidole havikuikamata. Niliona hilo. Nikaila mimi, maana njaa ilikuwa imenizidi.

Kuanzia saa nne mpaka saa saba risasi zilinyamaza. Wanawake wakatoka kuchota maji. Watu wengi walipita na magodoro kichwani, wanakimbilia uwanja wa ndege, kwa askari wa MONUC, wale wa Umoja wa Mataifa. Wanasema kuna hema la waganga wa hospitali. Abdoul akaniuliza kama nitampeleka mtoto huko. Nikamwambia: “Kumuamusha ya nini? Amelala vizuri.”

Nilikuwa na furaha. Nayo niiandike. Leo kwa mara ya kwanza hakuna mtu aliyemtazama mtoto wangu kwa jicho baya.

Jumapili, tarehe 11 Mei

Nimeamka blauzi imelowa maziwa. Hapo ndipo nilipostuka. Matiti yamejaa mpaka yanauma — hajanyonya tangu jana mchana, na mimi nimekaa hapa nashukuru Mungu! Nimemwekea titi mdomoni. Maziwa yamemwagika shavuni. Nimemwita. Nimempiga vikofi kwenye nyayo. Anafungua macho, hanioni, anafumba. Tumbo linawaka moto, miguu baridi. Anahema haraka haraka. Viganja vyeupe, midomo ndani nyeupe. Kitambaa cha mkojo nilichomfunga jana jioni bado kikavu.

Na nilijua! Donatien, muuguzi wa pale tunapopimisha watoto, alitukaririsha kila mwezi kama wanafunzi. Hanyonyi. Anatapika kila kitu. Mwili unastuka-stuka. Unamwamsha, haamki. Likionekana hata moja, usingoje kesho. Mimi ndiye niliyekuwa najibu kwa sauti kuliko wote, mpaka wenzangu wananicheka. Akatuambia pia: “Mwenye kulia bado iko na nguvu ya kulia. Ule mwenye amenyamaza, mukimbie naye.” Nilijua yote hayo nikiwa nimekaa kwenye benchi. Humu depo nimeyasahau.

Nimesema natoka. Mama Alphonsine kanishika nguo: “Weye na mutoto, wote mutakufa mu njia!” Nje bado wanapiga. Nimemwambia aniachie, na nimemwambia vibaya, mama wa watu.

Abdoul ameinuka. Kisha kavua shati lake jeupe, kalifunga kwenye mti wa ufagio. “Twende, mama. Mimi nilisema maneno mubaya juu yake. Nitatangulia.”

Tunatoka sasa. Kaye naificha kifuani.

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Uwanja wa ndege. Tulijitupa mtaroni mara mbili, tukalala juu ya mtoto, na hakutoa hata mguno. Tumefika asubuhi hii, baada ya kukwama kutwa nzima jana kwenye kanisa moja lililovunjwa. Abdoul yuko nje ya hema, tumbo wazi, bado ameshika ufagio.

Donatien yuko hapa! Naye kakimbia. Amekishika kiganja cha Plamedi, akakilaza kando ya changu. Chake cheupe. Kisha: “Hanyonye tangu wakati gani?”

Tangu posho, nikasema. Posho ndiyo hiyo Jumamosi.

“Posho njia ilikuwa wazi. Juu ya nini haukukuya naye huku?”

Nikamwambia: alikuwa amenyamaza. Hakunikaripia. Ningependa anikaripie.

Damu imemwishia, malaria imeila. Wamepima yangu, inapatana, wamenitoa. Nimekaa kwenye mkeka, pamba kwenye mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia. Hema limejaa watoto na wote wanapiga kelele. Jana ningewaogopa. Leo nawaonea wivu mama zao.

Wanatafuta mshipa. Sindano ya kwanza, mkononi — hakustuka. Ya pili, mguuni — hakustuka. Donatien anasema angesikia kilio kidogo tu, angefurahi. Nimeinama sikioni kwake: “Lia, mama. Lia sana. Hapa hakuna mwenye atatukataza.”

Nimemwambia mara tatu. Siku mbili nzima nilikuwa namwambia anyamaze.

Sindano ya tatu, kichwani. Imeingia! Donatien amesema mshipa umepatikana. Na Plamedi amefungua macho, ananiona, safari hii ananiona kweli. Uso umekunjamana. Amefungua mdomo wazi kabisa.

Sauti haitoki. Donatien ameinama, anasikiliza kifua, ananiuliza kama hana nguvu au ni kitu gani.

Plamedi anautazama mkono wangu wa kushoto. Nimeukalia, na pamba yake. Damu yangu imeanza kushuka kwenye mpira. Mdomo wake bado uko wazi, na macho yamebaki pale pale, nilipouficha mkono.