Baridi Msalabani

Baridi, rafiki yangu,

Kamwene. Nimechoka, ndugu yangu, na uchovu huu si wa kazi. Tangu tukuzike hapa Njombe, kila mtu ananijia na shauri kuhusu jina lako la jukwaani, kana kwamba uliniachia mimi funguo zake.

Elia, mpiga ngoma wetu, anataka aitwe Baridi wa Pili na aimbe kule Makambako. Nimemwambia asubiri. Gitaa lako nimelifungia ndani. Nikiliona nakumbuka siku ile karani wa bomani alipotueleza kwamba Waingereza jina la mwenye mali huliwekea kialama kidogo juu, kisha s. Hukulala. Asubuhi ukanituma niandike Baridi's juu ya gitaa kwa rangi nyekundu, na hicho kialama ukakitaka kikubwa, maana kidogo hakijawahi kukutosha. Nikakichora kama punje ya haragwe. "Sasa hata mwizi atajua lina mwenyewe," ulisema. Nakukumbuka mno, we mtu.

Shida ni msalaba. Mzee wa kanisa aliniagiza niandike jina la ubatizo tu, la dansi halina nafasi makaburini. Nikaandika Zefania, jina ambalo hata wewe ungechelewa kuliitikia. Mama yako aliridhika. Unajua alivyolichukia lile lingine. Tulipokuja mlangoni kukuita kwa jina la Baridi, alikuwa akitujibu kwamba humo hamna mtu huyo.

Juzi watu wako wa Kitandililo walikuja, wale waliokuwa hawakosi dansi hata moja. Habari iliwafikia kwa kuchelewa. Walipanda lori, wakatembea kipande kilichobaki kwenye ukungu na manyunyu, wamebeba unga na kuku wa kuhani msiba. Wakapitia makaburini kwanza. Wakasoma misalaba yote, Baridi hawakumwona. Basi wakachagua kaburi lenye udongo mpya, wakaangua kilio, wakaimba ule wimbo wako wa wachuma pareto. Kaburi lenyewe ni la yule mwalimu wa dini aliyekuwa akihubiri dhidi ya dansi kila Jumapili.

Ningecheka. Lakini mama yako alikuwa amekaa palepale karibu, kando ya kaburi lako, akiwatazama watu wazima wakimlilia mwanawe mahali asipokuwepo. Wageni wenyewe waliniambia alichelewa kuwaita. Mwisho aliinuka, akawashika mikono, akawaleta kwako.

Jioni akaja kwangu. Hata kuketi hakuketi. Alisema msalaba uandikwe upya, niweke lile jina wanalolijua watu. Nikamuuliza lipi, ingawa nilijua, nilitaka tu kuwa na hakika. Akafunga khanga vizuri, nikadhani ataondoka.

"Andika Baridi," alisema. "Mwanangu asipotee."

Mzee wa kanisa ameshapata habari, ameapa atalifuta. Na alifute. Kesho nakuja na brashi, na akilifuta nitaliandika tena, hivihivi na uchovu wangu. Elia nitamwambia ajitafutie jina lake.

Lala salama, Baridi. Mama yako anakuita hivyo sasa.

Ni mimi, mwenzako,
Tulinje