Sahani za Ndunge na Machungwa ya Mama Kioko

Mpendwa Baba,

Tangu nirudi kutoka sokoni nimezunguka nyumba hii mpaka mama, Mwaitu wetu, amenifukuza jikoni. "Keti chini," ameniambia, "unanichosha macho." Nimeketi, nimesimama, nimeenda kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote, nimerudi. Mwishowe nimechukua karatasi. Yaliyonipata wiki hii hakuna mwingine wa kumwambia akayaelewa, kwa sababu wewe ndiwe uliyeniambukiza ugonjwa huu wa sarakasi.

Unakumbuka siku ulipofunga karakana kwa ajili ya maonyesho ya Kitui? Lori la mteja lilikuwa pale kando ya barabara ya Mombasa, rejeta yake chini, mabomba yametapakaa kila mahali. Dereva alikuuliza utamaliza saa ngapi. Ukafuta mikono, ukamwambia, "Kesho. Leo nina kazi Kitui." Kazi yenyewe ilikuwa kumtazama mwanamke akizungusha sahani juu ya vijiti.

Tulisimama mbele kabisa, jua likituchoma utosini. Walipita wale vijana wa kupandana mabegani, akapita yule mrefu wa baiskeli ya gurudumu moja, nawe ukawapigia makofi kwa heshima tu, kama mtu anayesubiri nyama akiletewa mboga. Kisha akatoka Ndunge. Alikuwa mnene kidogo, kilemba cha manjano, uso wa mtu anayekwenda kuteka maji. Akapanda vijiti vyake ardhini, akaweka sahani juu, akazizungusha moja baada ya nyingine, huku akiongea na watu kuhusu bei ya mbuzi. Sahani ya mwisho kule pembeni ikaanza kuyumba. Watu wakapiga kelele, "Mama, ile! Ile!" Yeye akaenda polepole, akaigusa kidogo, ikatulia.

"Umeona?" ukaninong'onezea. "Hakimbii."

Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania suruali yako kwa mikono yote miwili.

Baada ya hapo tulimfuata kila tuliposikia yuko, Wote, Kibwezi, hata Mwingi mara moja. Ukakata tyubu za magari zilizochakaa, ukashona mipira, ukaijaza mchanga, tukajifunza kurusha nyuma ya karakana. Sahani hatukuthubutu, maana sahani zilikuwa za Mwaitu. Jumapili ukitoka kwenye ibada, bado na tai shingoni, ulirushia watoto mipira ile pale nje ya kanisa, nao wazee wenzako wakacheka. Hakuna aliyekuambia neno. Nimelifikiria sana jambo hilo wiki hii. Wewe ulikuwa mzee wa kanisa. Mimi ni mwanamke asiye na mume anayeuza vipuri vya pikipiki.

Nilipopewa watoto wa Sunday school niliingia na mipira yako. Niliwafundisha vitabu vya Biblia kwa kurusha. Mwanzo, unarusha. Kutoka, unadaka. Walawi, unarusha tena. Walivijua vyote hadi Malaki kabla mvua haijaanza. Aliyeshika haraka kuliko wote alikuwa Kioko, mtoto wa yule mama anayeuza machungwa sokoni. Siku moja akaenda nyumbani akachukua viazi vya mamake, akavirusha hewani, visianguke.

Mama Kioko hakucheka. Alienda moja kwa moja kwa mchungaji.

Unajua vile watu wanavyotusema sisi Wakamba kwa uchawi, Baba, na vile sisi wenyewe tunavyoogopana. Neno lilitembea Makindu nzima: binti ya fundi wa rejeta anafundisha watoto kiinimacho. Kamati ya kanisa ikaniita. Mchungaji wetu wa sasa ni kijana, si mtu mbaya. Alinitazama kwa huruma ambayo iliniudhi kuliko hasira.

"Dada, sisi hatusemi ni uchawi," akasema. "Lakini watu wanasema."

"Na wewe mchungaji unasema nini?"

Akakunja karatasi yake. "Nasema uchague. Kama ni watoto, uache hiyo michezo, hata kwako nyumbani. Kama ni michezo, tutatafuta mwalimu mwingine. Utupe jibu Jumapili."

Tangu hapo sikutulia. Dukani nilimpa mtu cheni akiwa ameomba breki. Nilianza kuosha nguo nikaziacha kwenye maji. Mikono yangu ilitaka kurusha kila kitu, na kila nilipookota kitu nilijisikia mwizi. Sikuweza kusema nitaacha. Wala sikuweza kuwaza darasa lile likiwa na mtu mwingine.

Ndipo dereva mmoja wa Mwingi, aliyesimama kununua plagi, akanitajia fundi cherehani wa kwao ambaye zamani alikuwa akizungusha sahani. Nilimwuliza jina. Alipolisema nilifunga duka, Baba, kama ulivyofunga wewe.

Nilimkuta Ndunge huko Mwingi, kwenye kibanda karibu na soko la mifugo, miwani puani, akipinda suruali ya mtu. Kilemba hakipo, nywele ni nyeupe. Nikamsalimia kwa Kikamba, nikamwambia mimi na baba yangu tulikuwa tukimfuata kila mahali.

"Walikuwa wengi," akasema, bila kuacha cherehani. "Nusu walitaka kuona zikivunjika."

"Sisi hatukutaka."

Aliinua macho wakati huo. Akanisogezea kigoda.

Nilimwuliza kwa nini aliacha. Akaniambia, kwa sauti ile ile ya bei ya mbuzi, kwamba alipochoka kuzunguka alifungua hoteli ndogo pale Mwingi. Chapati, maharagwe, chai. Watu waliingia, wakaketi, na walipojua yeye ni nani wakainuka. Hawakutaka kula kwenye sahani zake. Walisema sahani zinazotii mtu si sahani za kulia.

"Ningewaacha wazishike," akasema. "Hilo ndilo ninalojuta. Nilikasirika, nikafunga mlango. Ningewapa wazishike, wazigeuze, wazioshe wenyewe. Lakini mimi nilikuwa na kiburi. Nilikuwa Ndunge."

Kisha akaniuliza kama najua chochote. Nikatoa mipira kwenye mkoba. Wa kwanza uliniponyoka ukabingirika chini ya cherehani, naye akangoja niuokote kwa magoti. Nikaanza tena. Niliendelea mpaka mabega yakaniuma, na kila nilipomtupia jicho alikuwa amevua miwani, mikono imelala mapajani, mdomo wazi kidogo.

"Maisha yangu yote nimetazamwa," akasema nilipomaliza. "Sikuwahi kuketi nikatazama mtu. Kumbe ni kitamu hivi."

Baba, nililia mbele ya watu wa mbuzi.

Leo Jumamosi nimeenda sokoni. Sikubeba mipira yako. Nimesimama mbele ya meza ya Mama Kioko, soko limejaa, nikamwomba machungwa.

"Sikuuzii," akasema.

"Niuzie, Mama Kioko. Nichagulie wewe mwenyewe. Sitagusa mpaka unipe."

Wanawake wa nyanya wakaacha kupanga nyanya. Mama Kioko, nadhani kwa sababu watu walikuwa wanaangalia, akachagua. Alinipa makubwa na madogo, hayalingani hata kidogo, na moja lilikuwa na jani. Nikarudi nyuma hatua chache, nikarusha.

Sikuwa mzuri. Yale yasiyolingana yanadanganya mkono, na moja lilianguka kwenye sukuma wiki za mtu. Watu wakaguna. Nikaliokota, nikaanza tena, na mara ya pili yakapanda. Nilisikia mwanamume akimwambia mwenzake, "Angalia, anarusha moja kabla ya kudaka lingine." Mwenzake akasema, "Kumbe ni hivyo tu?" Sijawahi kusikia sifa nzuri kama hiyo.

Nikamrudishia Mama Kioko machungwa yake. Akayapokea moja moja, akayaminya, akayanusa. Lile lenye jani akalimenya kwa kucha, pale pale, mbele ya soko zima. Akaweka kipande mdomoni. Akatafuna.

"Ni chungwa," akasema.

Mtu akacheka, kisha wengi wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alilimaliza lote, akafuta mkono kwenye leso. "Mimi niliogopa," akaniambia kwa sauti ya chini. "Kioko ndiye peke yake niliye naye. Bado sitamleta darasani. Nataka nifikirie." Kisha akanipa chungwa kubwa kuliko yote yaliyobaki, akaanza kuhudumia mteja mwingine.

Kwa hiyo sijashinda, Baba, wala sijashindwa. Ndunge ametuma salamu kupitia yule dereva, anasema atakuja Makindu kututembelea, na kwamba haji kuonyesha chochote, anakuja kutazama. Mwaitu amesikia, sasa anauliza mgeni huyo anakula nini. Mchungaji hakuwa sokoni, lakini mkewe alikuwa, na aliondoka kabla sijaona uso wake. Pengine sasa hivi wanalizungumza. Ndiyo maana siwezi kukaa kwenye kiti.

Natamani ungekuwa hai, hapa, unikaripie nilivyoliangusha lile la kwanza. Natamani nikuone na tai yako.

Kesho kamati itaniuliza nimechagua nini. Nitawaambia sichagui. Wakinitoa kwa watoto, watanitoa wakiwa wamenisikia. Nimeshapiga pasi gauni la kijani, na nitaingia kwa mlango wa mbele, watoto wakiwa bado wanaimba.

Lala salama, fundi wangu.

Ni mimi, binti yako asiyetulia.