Oili ya Gia Boksi Imeishia kwenye Nguzo

Jumamosi, Mlabani

Nguzo za banda la kuku zinang'aa, na gari sijui nimelijaza kiasi gani.

Oili chakavu ya gia boksi niliikinga kwenye ndoo ili niipime, nirudishe mpya kiasi kilekile, maana gari hili halina stiki ya kupimia. Nikaenda kunawa. Kurudi, mama mkwe ameshaipaka yote kwenye nguzo.

"Mchwa watakoma, Baba Neema," akasema, amefurahi kweli.

Ningemjibu nini mama mkwe? "Asante, mama." Nikajaza kwa kukisia. Sasa gia inachelewa kushika.

Na kesho nampeleka Namawala, komunyo ya kwanza ya mjukuu wake. Ee Bwana, tukikwama njiani, nijalie ninyamaze tena.