Kyule si Mpishi

Zombe, Kitui
Jumatano

Kaka yangu Muindi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, ingawa najua salamu zangu huzitaki. U mzima? Yvonne na watoto hawajambo? Sisi huku tunapumua tu. Mvua ilituonjesha siku mbili ikaenda zake, na ndengu zimeanza kunyauka. Nimekupigia simu mara sita hushiki. Ningekuwa wewe nisingeshika pia, kwa hivyo naandika, na Nthiwa anayeleta kuku Nairobi atakupa barua hii mkononi.

Nianze na hasira, maana zimenijaa mpaka kooni. Miezi mitatu sasa tangu wale watu waiteke meli yetu ya doria na wanamaji kumi na mmoja, wakidai imeingia kwenye maji yao. Nchi yao siitaji, karatasi itachafuka. Na serikali yako ilifanya nini? Ilimwita balozi wao, tukamwona kwenye televisheni akipanguza miwani. Jeshi likapeleka meli mbili zisimame mpakani, wakubwa wakatangaza kwamba subira yao imefika mwisho, kisha subira hiyo ikaendelea wiki tisa. Wabunge walipiga kelele za vita, na hakuna hata mmoja wao mwenye mtoto kwenye meli ile. Mama yetu alikuwa naye.

Unakumbuka ulivyokuja kwa mama Kathonzweni wiki ya kwanza na suti yako ya wizarani. Ulitukalisha mimi na mama, ukasema watekaji wameambiwa ndugu yetu Kyule ni mpishi wa meli. Kazi yake halisi, ya kunasa mazungumzo ya redio ya upande wa pili, isitamkwe popote, kwa sababu mpishi hurudishwa kwao lakini mtu wa mitambo huitwa jasusi. Mama alikasirika kwamba mwanawe mwenye diploma ameshushwa mpaka jikoni. Mimi nilikasirika kwamba ulitupa amri kama karani anayefokea watu kwenye foleni. Tulikubali shingo upande.

Mwishowe mkapatana: sisi tuandike barua ya kusikitika, wao waachilie meli na watu. Wakarudi kumi. Kyule wakambakisha, wakisema ni jasusi na atashtakiwa. Meli zetu mbili zikageuza, zikarudi bandarini.

Siku uliyoleta habari hiyo, mama alikunyang'anya kikombe cha chai akamwaga uani. Alisema umemuuza ndugu yako upate cheo, maana siri tulikuwa nayo watu watatu, na yeye na mimi hatujui hata mlango wa ubalozi. Mjomba Musyimi akakwambia usikanyage boma hilo tena bila Kyule. Mimi ndiye niliyerusha begi lako nje, mashati yakamwagika mbele ya majirani. Uliyakunja moja moja ukaondoka. Nilichukia hata vile ulivyoyakunja.

Wiki jana nilikuwa Kathonzweni alipokuja Kiilu wa mjini Wote, mmoja wa wale kumi, kumpa mama pole. Mama alikuwa sokoni, akanikuta mimi. Alinieleza kwamba siku moja yeye na Kyule waliitwa na watekaji, wakachezewa sauti iliyorekodiwa redioni, Kikamba kitupu, wakaambiwa watafsiri. Kilikuwa kipindi cha maombi cha asubuhi.

Muindi, ombi walilochezewa ni langu. Unajua kanisani kwetu hatumwombei mtu kijumla. Akina mama tumefundishwa kuandika jina, kazi na mahali, ndipo watu waombe wakijua wanaomba nini. Nililituma redioni wiki ya tatu. Niliandika kwamba Katunge wa Zombe anaomba mumkumbuke ndugu yake Kyule, aliyetekwa pamoja na meli yetu, fundi wa kusikiliza redio za adui, Mungu awafumbe macho wasimjue. Nilidhani Kikamba hakivuki bahari. Nilijua umekataza, lakini nikajiambia wewe si wa kunizuia kuomba.

Kiilu alijaribu kudanganya kwamba ni habari za mbegu. Kumbe walikuwa tayari na mtu wao anayejua Kikamba, walikuwa wanawapima tu. Wakamuuliza Kyule huyo Katunge ni nani. Kiilu anasema alitabasamu kidogo, akajibu, "Ni dada yangu. Hajawahi kuweza kunyamaza, lakini ananipenda."

Nilikaa na maneno hayo siku tano, nikikuacha uitwe msaliti. Jumapili baada ya ibada nilimpigia mama magoti nikamwambia yote. Hakunipiga. Aliuliza kama siku ile uliondoka umekula. Nikamwambia hukuwa umekula. Akaingia ndani, akaniletea begi langu, akaniambia nirudi kwa mume wangu na nisionekane hapo mpaka Kyule awe amerudi.

Mpiganie huko wizarani, hata kama hao wakubwa wako bado nawachukia wote. Mimi sijui kuomba msamaha bila kugombana, na huu ndio msamaha wangu. Nimekukosea wewe, na Kyule nimemfungisha kwa mkono wangu.

Msalimie Yvonne, na watoto uwashike vichwa kwa niaba yangu. Mama anakungoja Jumamosi, amesema atachinja jogoo. Nenda nyumbani ukale. Mimi hutanikuta.

Ni mimi dada yako,
Katunge