Moto wa Mama

Chanzuru, Jumanne jioni

Shati langu bado linanuka moshi, na mama anakula ugali wake kama vile hakuna kilichotokea.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Ndiye ninayewasomea watu sheria ndogo ya kijiji: hakuna kuchoma shamba bila kibali cha mtendaji, bila kulima barabara ya kuzuia moto, bila kuwaambia majirani. Leo mama kaona mawingu ya mvua, kawasha mabua ya shambani kwake peke yake, kama alivyofanya tangu nizaliwe. Upepo ukageuka, moto ukashika njia ya zizi la Masanja.

Masanja yule yule mfugaji niliyemsimamisha mkutanoni mwezi uliopita, nikampiga faini mbele ya watu kwa kuchoma nyasi ili ng'ombe wake wapate majani mabichi.

Nilipofika mbio, yeye na wanawe walikuwa wameshauzima kwa matawi. Nikasubiri anitukane. Angenitukana ningepumua.

Akamgeukia mama. "Shikamoo mama. Pole na moshi."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akaniuliza taratibu, "Mwenyekiti, mkutano kesho ni saa ngapi?"

Nikamwambia saa nne. Akarudi kwa ng'ombe wake.

Nisipomtaja mama mkutanoni kesho, nani atanisikiliza tena? Nikimtaja, mbele ya wakwe na shoga zake wote...

Nimemwomba kesho abaki nyumbani. Kakataa. Anasema atakuja mapema akae mbele, maana anapenda kunisikia nikisoma sheria.