Rota Kwenye Pindo la Leso

Baba Salma, mume wangu,

Assalamu alaikum huko uliko. Mimi mzima, Salma mzima, Bi Kizee naye mzima. Jana nimetoka eda. Nakuandikia kwa sababu watu wa Mwabungo wamekwisha kuyasimulia mambo ya gari lako kwa namna yao, nami sitaki yakufikie ya kwao kabla ya yangu. Nayaandika wazi, anayetaka kuyasoma na ayasome.

Unakumbuka siku ulipomleta Bi Kizee? Alikuja akivutwa na trekta kutoka Diani, kutoka nyuma ya jumba la yule mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Taa zake za mviringo zilikuwa zimejaa mchanga, na kwenye kiti cha nyuma kuku alikuwa ametaga. Nilisimama mlangoni nikakuuliza, "Baba Salma, umenunua gari au banda la kuku?" Ukampigapiga boneti kama unayembembeleza mtoto, ukasema, "Ni bi kizee tu huyu, kalala. Ataamka." Akaamka kweli, lakini baada ya wewe kulala chini ya tumbo lake miaka chungu nzima. Ukampaka rangi ya maziwa, ukazisugua bampa zake hata mtu angeweza kujipaka wanja kwa kujitazamia humo. Basi bibi harusi wa Tiwi, wa Diani, wa Ukunda, kila mmoja akawa hataki kupelekwa kwa mumewe ila na Bi Kizee. Sisi tukala, Salma akasoma.

Hukuwa mtu wa honi. Ukirudi, niliusikia mkoromo wake tokea pale dukani kwenye kona, nikaacha nilichokuwa nacho mkononi, nikaja kukufungulia geti. Wakati mwingine mikono ina unga, wakati mwingine ina pilipili. Uliingia umetoa kiwiko dirishani kama waziri.

Halafu siku ile ya Ijumaa wakamwiba. Ulitoka msikitini Ukunda ukakuta viatu vyako vipo, gari hakuna. Ulikuja nyumbani umekaa kwenye tuktuk, umejishika kichwa kwa mikono miwili, nikadhani kuna mtu amekufa. Kesho yake akapatikana kando ya barabara ya Msambweni, mzima, milango wazi. Mwizi wa watu hakujua kwamba mshale wa mafuta wa Bi Kizee umeganda juu tangu tumnunue, siku zote unasema tangi limejaa. Aliendesha mpaka petroli ikamkatikia, akasukuma mpaka akachoka, akaenda zake. Tulicheka sisi! Lakini wewe ulicheka siku moja tu. Siku ya pili ukachimba shimo uani, ukasimika nguzo ya saruji, ukafunga mnyororo kutoka kwenye nguzo mpaka gurudumu la nyuma, na ufunguo wa kufuli ukauzika kwenye mtungi wangu wa chumvi.

Na bado hukuridhika. Ukaniita, ukafungua boneti, ukanionyesha kile kifuniko chenye waya za plagi. Ukakibandua, ukachomoa kidude cheusi cha plastiki chenye ulimi wa shaba, kidogo, chaenea kiganjani. "Hii ndiyo rota," ukaniambia. "Bila hii, mwizi hata awe na funguo kumi, atamtekenya Bi Kizee mpaka alfajiri, hacheki." Ukanipa kazi hiyo mimi, kwa kuwa jioni wewe unakuwa umechoka na maharusi ya watu. Basi kila siku, wewe ukienda kutia udhu wa magharibi, mimi naenda kuchomoa rota. Kisha nakusikia kule bafuni na maji yanamwagika:

"Bi Kizee kalala?"

"Kalala."

Hapo ndipo uliposali kwa utulivu. Nilikuambia siku moja kwamba unalifungia gari kuliko unavyonifungia mimi mlango. Ukacheka, ukasema, "Wewe nani atakuiba, Mama Salma?" Nilikuwekea mchuzi bila chumvi siku mbili nzima, nawe ukaula ukisifu.

Sasa nikuambie siku yako yenyewe. Asubuhi ulimpeleka bibi harusi Tiwi, ukarudi, ukamfunga Bi Kizee mnyororo wake, ukakaa barazani. Alasiri ukasema kifua chakubana. Jirani akaleta tuktuk. Nilitaka twende na gari letu, lakini mwenye kuliendesha ni wewe, na wewe ndiwe uliyekuwa mgonjwa. Hukufika hospitali. Walikurudisha jua likizama, wakakulaza chumbani, na wanawake wakaanza kuingia getini huku wakilia.

Mimi niliinuka nikaenda uani. Nikafungua boneti, nikabandua kifuniko, nikachomoa rota, nikaifunga kwenye pindo la leso yangu. Wala sikufikiri kitu, wallahi. Ilikuwa saa yake. Nilipogeuka nikamwona Bi Mwanasha, somo yangu, amesimama mlangoni ameshika mdomo. "Mume hata hajazikwa," akasema, "nawe uko kwenye gari?" Nikarudi ndani nikakaa nilipoambiwa nikae.

Sikulia, Baba Salma. Watu walikuwa wakinitazama macho kuona kama yatatoka kitu, hayakutoka. Waliponiambia pole nikasema nishapoa, kwa adabu, kama aliyeulizwa habari za asubuhi. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa, na mguu uliokaliwa angalau unajua kwamba utachomachoma kisha upone. Chai haikuwa na ladha. Salma aliniambia, "Mama, lia basi." Nikamwambia nitalia nikipata nafasi.

Walipoanza kunikalisha eda, Bi Mwanasha ndiye aliyenivua. Akatoa vipuli, akatoa bangili, akatoa ile pete uliyoninunulia Mombasa ikakataa kutoka mpaka ikapakwa sabuni. Kisha mkono wake ukagusa fundo kwenye leso.

"Na hiki?"

"Hicho niachie."

Akakiminya. "Kigumu."

"Najua kwamba ni kigumu, somo. Niachie."

Aliniacha, maana ananijua tangu nilipokuwa mwari. Lakini mdomo wake nao unaujua. Kabla wiki haijaisha, huku kwetu mpaka Galu ilikuwa imeenea kwamba mjane wa dereva wa maharusi amefunga dhahabu ya marehemu kwenye pindo la leso, ati asiirithi mtu.

Habari hiyo ikamfikia Hamisi. Ndugu yako huyu nilimwonea wivu kwa jambo moja tu. Waliniambia kaburini alilia mpaka akashikwa makwapani. Mimi mkeo nimekaa mkavu, yeye mdogo wako analia kwa zamu yangu na yake. Lakini machozi yalipokauka, akaja uani na mwanamume mmoja mwenye jumba Galu aliyetaka kulinunua gari, wakawa wanamzunguka Bi Kizee, wanampiga picha, wanamfungua milango. Nilikuwa nawaona kwa dirisha la jikoni. Kisha akaja na fundi. Fundi akafungua boneti, akachungulia, akasema, "Rota hakuna. Na ya gari la zamani hivi haipatikani Ukunda, labda itafutwe Mombasa, na huko sijui." Hamisi akaja kwenye pazia la mlango.

"Shemeji, shikamoo. Rota iko wapi?"

"Marahaba. Hamisi, mimi niko eda. Mambo ya magari sisemi na mwanamume asiye maharimu wangu."

"Sasa si unasema?"

"Nimemaliza."

Ungenisikia ungecheka. Mimi sikucheka, lakini nilijua kwamba ni cha kuchekesha.

Nilikuwa na hofu, nikuambie ukweli. Hofu ndiyo iliyokuwa imebaki, mengine yote yamelala. Gari likitoka pale uani kabla urithi haujagawanywa, halirudi tena, na ndilo lililokuwa likitulisha. Na mimi siwezi kutoka kwenda kulitafuta, wala kwenda kwa kadhi, wala kusimama barazani nikagombana na mtu. Nilichoweza kufanya ni kukaa na kile kidude. Nikibadilisha leso nafungua fundo, nafunga jingine. Nikisali kipo, nikilala kiko chini ya shavu. Kila magharibi nasimama dirishani namtazama Bi Kizee, nalishika fundo, kisha naendelea na sala zangu.

Hamisi akarudi na trekta, kama kwamba Bi Kizee aliyeletwa na trekta lazima aondoke na trekta. Mnyororo ukamkatalia. Fundi akataka kuleta mashine ya kukatia chuma. Salma akatoka ndani na kitabu chake cha chuo, akakaa juu ya boneti, akafungua ukurasa. "Kateni," akawaambia, "lakini mkifika hapa nilipo mniambie nisogee." Mtoto wako huyo. Dereva wa trekta akasema yeye hakuja kukata watu, akaondoka.

Hamisi alikasirika sana. "Gari hili litaibwa!" akapaza sauti ili nisikie. "Mjane na msichana, mtalilinda na nini? Mimi nataka liuzwe kabla halijaibwa, mwaniona mimi ndiye mwizi! Na ile dhahabu ya kaka itatolewa, siku yake yaja." Akavuta geti kwa nguvu mpaka likalia.

Siku yake ikawa jana. Asubuhi Bi Mwanasha aliniogesha, akanivalisha nguo mpya, akanifukiza udi. Nikajiona kwenye kioo mtu mzima, tena mgeni. Baada ya adhuhuri akaja ami yako Mzee Bakari, pamoja na Hamisi, kuzungumza habari za mali. Tulikaa ukumbini. Hatujagusa hata kahawa, Hamisi akasema, "Kwanza dhahabu, ami. Tusianze kugawa nusu."

Nikafungua pindo la leso, nikaiweka rota kwenye sinia, katikati ya vikombe.

Bi Mwanasha akainuka kwenye mkeka. "Ndicho hicho?" akauliza. "Hicho hicho nilichokiminya? Ebo! Mimi nimewaambia watu dhahabu!"

Hamisi aliichukua. Akaigeuza, akaufuta ule ulimi wa shaba kwa kidole gumba kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Akaniuliza, "Tangu lini unayo?" Nikamwambia tangu jioni ile walipokurudisha. Kwa nini, akauliza. Nikamwambia, "Kaka yako alikuwa hawezi kusali Bi Kizee akiwa macho." Basi akaanza kulia tena, huyu ndugu yako machozi yake yako karibu. "Mimi nilidhani litaibwa, shemeji," akasema. Nikamwambia, "Aliyetaka kuliiba ni wewe, Hamisi." Mzee Bakari akaangua kicheko mpaka akakohoa, na Hamisi mwenyewe akacheka na machozi yake usoni.

Mazungumzo hayakuwa marefu baada ya hapo. Hamisi atachukua haki yake kwenye minazi ya Msambweni, na kwa kadhi tutakwenda pamoja yaandikwe. Nyumba na Bi Kizee ni vya Salma na mimi. Tena ameahidi mwenyewe kumfundisha Salma kuendesha, na Salma ameshaanza kuchagua siku. Nilisikia yote hayo, nikashukuru kwa mdomo. Ndani hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimelishika fundo muda wote ule nikidhani likifunguka nitafunguka nami. Lilifunguka, nami niko vile vile.

Kisha Hamisi akasema, "Haya, nipeni nimwamshe." Salma akafukua ufunguo wa kufuli kwenye chumvi, wakaenda uani wote. Mimi nikaingia jikoni kukanda unga wa chapati za wageni. Nikamsikia Bi Kizee anakohoa, ananyamaza, anakohoa, ananyamaza. Wewe fundi wake umekufa, nikasema moyoni, na yeye amekufa. Kisha akashika. Ule mkoromo wake, Baba Salma. Ule ule.

Nikaacha unga. Nikatoka mbio na mikono yangu vile ilivyo, nikapita kando yao, nikafika getini nikavuta komeo, nikafungua ubao wa kwanza, nikafungua wa pili, nikasimama pembeni kukupisha. Nikatazama kule dukani kwenye kona. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, hakuna mtu. Nilikuwa nashangaa mbona unachelewa, na mkoromo nausikia. Wala haikunipitikia kwamba sauti inatoka nyuma yangu, kwamba gari liko ndani.

Salma akaja akasimama kando yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, unamfungulia nani?"

Nililia hapo, mume wangu. Niliishika nguzo ya geti nikalia mpaka Hamisi akazima gari, na alipozima ikawa ndiyo mbaya zaidi. Bi Mwanasha akataka kunirudisha ndani, Salma akamwambia amwache mama. Unga ulikauka mikononi. Geti lilibaki wazi mpaka jua likapungua, na hakuna aliyethubutu kuja kulifunga.

Leo nimeamka na ganzi imerudi, lakini si yote. Kuna mahali panachomachoma. Chai ya asubuhi niliona imezidi sukari, na hilo sikuwa nimeliona tangu uondoke.

Sasa hivi magharibi yaingia. Nimetoka uani, nimefungua boneti, nimechomoa rota, nimeifunga kwenye pindo la leso. Mnyororo upo, ufunguo umo kwenye chumvi. Nilisimama kidogo karibu na mlango wa bafu nikasikiliza, na maji hayakumwagika, na mtu hakuuliza. Basi nakujibu hapa, ukapumzike na wewe.

Kalala, Baba Salma. Bi Kizee kalala.

Mkeo,
Mama Salma